Redio ya National na Mafundi wa Temeke

Mwanachama aliyevuka miaka arobaini hahitaji kuelezwa redio ya National ni nini. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Tunachopenda kukumbushana ni kwamba National haikuwa mali ya Wajapani peke yao. Redio zilifungwa hapa hapa Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ambayo leo tunaiita Barabara ya Nyerere, katika kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa miaka ya 1960. Kiwanda hicho kilitengeneza pia betri. Wenzetu wa Arusha walikuwa na Philips yao.

Barabara hiyo hiyo ndiko ilikokuwa Redio Tanzania. Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 Serikali ikalichukua shirika hilo. NUTA Jazz na baadaye Mlimani Park walirekodiwa na redio hiyo. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi na kujadiliana. Kila kikundi kilihitaji redio inayosikika na betri zenye uhai.

Hapo ndipo alipoingia fundi. Uzi unaovuta mshale wa stesheni ulipokatika, aliuzungusha upya kwenye vigurudumu vyake kwa mpangilio alioukariri kichwani. Karatasi ya spika ikichanika, aliibandika kiraka chepesi kwa gundi, maana kiraka kizito huifanya sauti ikorome. Waya aliunga kwa risasi, na mwanafunzi alifundishwa kutazama: kiungo kilichoshika hung'aa, kibovu hufifia kama majivu. Betri zikichoka zilianikwa juani, zikapata nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Redio iliyokufa kabisa ilitolewa spika, na spika ikatengenezewa sanduku la mbao. Kwa maseremala wa Keko hapakuwa mbali.

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunaiona habari ya kiwanda kwa jicho letu. Redio ilifungwa hapa, lakini vipuri vilitoka nje na vililipiwa kwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vikafuata vita vya Kagera, na fedha hizo zikaadimika. Mwaka 1984 wafanyabiashara wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na redio za kila aina zikamwagika madukani. Kiwanda cha kuunga vipuri huumia pande zote mbili: mlango ukifungwa hakina vipuri, ukifunguliwa hakina wanunuzi. Betri ziliendelea kwa muda mrefu, baadaye kwa jina la Panasonic. Redio hazikufika huko.

Fundi yeye hakufilisika. Uhaba ndio uliompa kazi. Kwa maoni yetu, miaka ile migumu ndiyo iliyowanoa mafundi wa Tandika, Mtoni na Keko, maana hakuna aliyeweza kusema "nunua mpya". Mikono hiyo ndiyo iliyoendelea kuunda spika kubwa za mbao, zile zinazotikisa mabati usiku wa kigodoro. Wapo wanaolalamikia kelele za singeli (nasi tumo, hasa siku za kazi), lakini spika ile haikushuka kutoka mbinguni.

Mafundi wale sasa ni wazee, na vibanda vyao vimegeuka vya kuuza kava za simu. Kijana anayetaka cheti anaweza kwenda VETA Chang'ombe, na tunamhimiza aende. Kinachopotea ni ule ujuzi wa kukifufua kitu ambacho vipuri vyake havipatikani tena popote. Ndiyo sababu makisio ya mwaka huu yana fungu la karakana: meza, mita, vyuma vya kuchomelea, na posho ya mafundi wazee watakaofundisha siku za Jumamosi. Posho hiyo wajumbe wengine waliiona kubwa. Sisi tunaiona ndogo.

Mwenye redio ya National iliyokufa nyumbani kwake asiitupe. Ailete siku ya harambee, hata kama haina mgongo wala antena. Tunazihitaji za kufundishia.