Orodha Iliyosomwa Chini ya Mwembe

Mnamo mwaka 2008, bei ya mbolea ilipopanda duniani kote hata mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini akawa anaupita mfuko wa kilo 50 kama apitaye duka la sonara, Serikali ya Tanzania iliazimu kuirejesha ruzuku ya pembejeo, iliyokuwa imefutwa katika miaka ya 1990 na kurudi kwa uchache mwaka 2003 kwa njia ya kulipia gharama ya kusafirisha mbolea. Walakini safari hii mkulima mwenyewe alikabidhiwa karatasi, nayo ikaitwa vocha.

Vocha zilikuwa tatu, za ekari 1 tu: ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na ya mbegu bora. Mkulima alimlipa wakala takriban nusu ya bei, akatia saini au dole gumba, na wakala akaipeleka vocha benki kudai nusu iliyosalia.

Nani apewe? Wilaya haikuwa na daftari la kutegemewa la wakulima wake, kwa hiyo hukumu iliachiwa kijiji, ambako kamati ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, iliandika majina ya wenye shamba lisilozidi hekta 1, ikiwatanguliza wanawake wanaoongoza kaya, kisha orodha ikapaswa kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 iliupa mamlaka ya juu kabisa, ili mwenye kujua kwamba fulani analima bonde zima apate kusimama na kusema. Nakiri kwamba kwa maandishi sijaona utaratibu uliokaribia insafu kuliko huo.

Lakini anayesimama hadharani kumpinga mwenyekiti wa kijiji leo, kesho atauhitaji muhuri wake. Na aghalabu walioisoma orodha ndio walioandikwa ndani yake. Watafiti waliopima mgao huo mkoani Kilimanjaro walikuta kwamba asilimia 60 ya vocha ilizifikia kaya za viongozi waliochaguliwa wa vijiji. Wala sidhani kwamba wote walikuwa wezi: masharti yalimtaka mpokeaji awe na uwezo wa kulipa nusu yake, na mwenye uwezo huo kijijini ni nani kama si mtu wa baraza la kijiji? Fukara aliyepata vocha pasipo fedha alibakiwa na hila moja, ambayo baadhi waliitumia, nayo ni kutia dole kwa wakala, kupokea shilingi chache, na kurudi nyumbani mikono mitupu, hali vitabuni ameandikwa kuwa amechukua mbolea.

Mpango huo ulikoma mwaka 2014, na vocha ziliporejeshwa msimu wa 2015/16 ziliacha nyuma madai ya mabilioni ya mawakala, ambayo serikali ilitaka yahakikiwe kwanza. Ruzuku ya mbolea iliporudi mwaka 2022, mkulima alijiandikisha kijijini, akatumiwa namba kwa simu, na mfuko ukatiwa alama isomwayo kwa mashine. Wizara ya Kilimo sasa yaweza kuufuata mfuko mmoja mmoja hata mlangoni mwa duka, jambo ambalo kamati ya watu sita isingeliweza kamwe. Ila namba ya jirani yangu imo simuni mwake, na hakuna tena anayeisoma kwa sauti chini ya mwembe.