Kuondoa chengachenga za rangi kwenye picha za mizigo

Namuwongo, kusini-mashariki mwa Kampala, imepakana na eneo la viwanda na reli inapita hapo hapo. Kontena likifunguliwa usiku kwa mwanga wa balbu moja, picha za sili, magunia yaliyolowa au katoni zilizopasuka hutoka na vidoa vyekundu, kijani na zambarau penye giza. Hapo ndipo penye hasara: anayepokea madai ya fidia hawezi kujua lipi ni doa la maji na lipi ni la kamera.

Mwanga ukiwa hafifu, kamera hupandisha ISO, na hitilafu ndogo za sensa hukuzwa pamoja na picha. Tena, katika kamera nyingi kila kitone cha sensa hupokea rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na bluu. Rangi zilizobaki hukadiriwa kutoka kwa vitone jirani. Kosa la kitone kimoja basi huenea kama doa.

Dawa ni kulainisha rangi bila kugusa mwanga, kwa kuwa jicho husoma tarakimu kwa tofauti ya weusi na weupe zaidi kuliko kwa rangi. GIMP ni programu ya bure na inatosha. Fungua nakala ya picha, nenda Colors, Components, Decompose, uchague LAB. Utapata tabaka tatu. Tabaka A na B zipitishie Gaussian Blur, ukianza na pikseli 3, kisha bonyeza Recompose. L iache kabisa! Ukiilainisha, 8 na 3 za namba ya sili huanza kufanana, na picha haina kazi tena. Mwenye Lightroom asogeze Color katika sehemu ya Detail, si Luminance. Ukizidisha, rangi huvuja nje ya kingo za katoni.

Picha ya awali isifutwe wala kuhifadhiwa juu yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inamtwika anayewasilisha rekodi ya kielektroniki mzigo wa kuthibitisha kuwa ni halisi. Tuma zote mbili, useme ipi imesafishwa.

Dereva naye awe na tochi. Aimulike sili kutoka ubavuni, si usoni, ili namba zilizochongwa zitoe kivuli.