Mafundo Kumi na Moja: Namba na Maandishi Yake katika Nchi ya Masasi na Newala

Mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa bado haujazimika kusini mwa koloni la Wajerumani, Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, alipanda kutoka Lindi hadi Masasi, kisha akaendelea hadi Newala juu ya nyanda za Wamakonde. Alikusanya vinyago, nyimbo na picha, na kitabu chake kikatoka mwaka 1908. Miongoni mwa vitu alivyovieleza kimo kimoja ambacho mpita njia angeweza kukikanyaga asijue amekanyaga nini: ugwe wa ganda la mti wenye mafundo 11.

Mume akisafiri humwachia mkewe ugwe huo, baada ya kumpitisha fundo kwa fundo. La kwanza ni leo, siku ya kuondoka. La tano ni siku ya kufika aendako, la sita ni ya kukaa huko, la saba ni ya kugeuka. Kazi ya mke ni kufungua fundo moja kila siku. Afikapo la kumi hupika, kwa kuwa la kumi na moja ni mtu mlangoni.

Wako watakaosema kwamba hayo si maandishi, ni ukumbusho tu. Lakini ugwe huo unafanya kazi ileile ifanywayo na daftari la mfanyabiashara: unaitoa namba kichwani mwa mtu na kuiweka mahali ambapo mwingine anaweza kuisoma mwenyewe akiwa hayupo. Wainka wa Peru nao waliandika kwa mafundo, na ya kwao yalikuwa na mahali pa moja, mahali pa kumi na mahali pa mia. Ya Kimakonde hayana haja ya hayo: kila fundo ni moja, nalo lina jina la siku yake. Hapo pana jambo ambalo wanafunzi wengi wa hesabu hulipita haraka, yaani tofauti baina ya namba ya idadi na namba ya mpango. Fundo la tano si “tano”; ni “ya tano”. Mswahili wa pwani anayo kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na hapo maneno humwishia. Ugwe huendelea. Na yote yakisha kufunguliwa, unaobaki mkononi ni ugwe mtupu, sifuri isiyohitaji alama.

Katika maneno ya kinywani, nchi hiyo ina utaratibu wake. Wamakonde, Wayao na Wamakua huhesabu hadi tano, mkono mmoja ukaisha, kisha huanza kujumlisha. Nne ya Myao ni mcheche, tano ni msano, na sita yake ni msano na moja. Tano ya Mmakua ni thanu, na sita yake hujengwa vivyo hivyo. Asidhani mtu wa visiwani kwamba lugha yake ilishuka kamili. Sita, saba na tisa ni wageni kutoka Kiarabu. Wenyeji walikuwa tandatu, fungate na kenda. Fungate amekimbilia chumbani kwa bi harusi, na kenda amehifadhiwa na washairi, ambao hawatupi neno lenye mizani nzuri. Hata juma letu lina tano mbili zinazofuatana: Jumatano, ya tano kuanzia Jumamosi kwa hesabu yetu, na Alhamisi, ya tano kuanzia Jumapili kwa hesabu ya Waarabu. Hakuna aonaye ajabu.

Tarakimu za wino zilifika bara kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya misafara ya Wayao iliyokuwa ikishuka Kilwa, ambako wafanyabiashara waliandika kwa herufi za Kiarabu. Humo tano ni kiduara, na sifuri ni nukta. Ya pili ilitoka Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mwandishi yuleyule wa sarufi na mchapaji wa vitabu vya Kiswahili, aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa, nia ikiwa ni kufika Ziwa Nyasa. Walikomea Masasi wakajenga. Pamoja na Injili walikuja na tarakimu za Kizungu, ambazo ndani yake kiduara ni sifuri. Hivyo alama moja ikawa mkono mzima kwa mwalimu wa chuo, na si kitu kwa mwalimu wa misheni. Wote wawili, kwa hakika, walikuwa wakitumia tarakimu zenye asili moja ya Kihindi.

Vipande vya namba vilikuja kwa fedha. Hadi mwaka 1904 rupia ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64, na uzuri wa 64 ni kwamba hugawika nusu kwa nusu bila kuvunjika: nusu ni 32, robo ni 16, thumni ni 8. Asiyejua kuandika aliweza kuigawa sokoni kwa macho. Mwaka huo serikali iliifanya rupia kuwa heller 100, ndizo zilizotuachia neno hela. Robo ikawa 25. Thumni ikawa 12 na nusu. Ni hesabu nyepesi kwa karani mwenye kalamu na nzito kwa muuza mtama. Thumni haikukubali kufa, lakini ilihama: jina lake, likitamkwa sumni, lilikuja kukaa juu ya sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu.

Fedha hizo zilitakiwa kwa kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na kwa ajili ya kodi wanaume wengi wa nyanda za juu waliteremkia mashamba ya mkonge. Huko, hasa zama za Waingereza, walikutana na maandishi mengine ya namba: kipande, karatasi yenye vyumba 30. Kila siku ya kazi iliyokamilika chumba kimoja kilitiwa alama, na mshahara ulingoja vyote vijae. Kwa sura, kipande na ugwe ni ndugu, lakini havihesabu kitu kimoja. Fundo hufunguka jua likichwa, mtu awe mzima au mgonjwa. Chumba cha kipande hakijui jua. Hujua kazi tu. Siku ya homa haimo, na siku ambayo msimamizi ameikataa kazi haimo pia. Kwa hiyo siku 30 za kipande zingeweza kula siku 40 au zaidi za mwezi na jua, na hakuna ambaye angesema hesabu imekosewa.

Chukulia basi mume wa Newala aliyesikia kwamba kazi ni ya siku 30, akamfungia mkewe mafundo kwa kadiri ya neno hilo. Mke anafungua moja kila jioni, kama alivyoelekezwa. Huko shambani zimepita Jumapili nne na homa ya siku nne. Jioni ya fundo la mwisho moto unawashwa na chungu kinainjikwa. Kwenye kipande vimebaki vyumba vinane vitupu.