Nani Anasikika Mjini? Uteuzi wa Sauti kama Mbinu ya Utafiti wa Baiskeli

Miongoni mwa wapangaji miji kuna hoja inayorudiwa mara kwa mara: njia ya baiskeli haibagui mtu. Ijengwe kwa viwango vya Amsterdam au Copenhagen, na kila mwenye baiskeli atapita. Kwa mtazamo huo, kutafuta wanawake, watu weusi, wahamiaji au watu wenye ulemavu wa kuwafuatilia mitandaoni tunapojadili miji ni suala la adabu tu, na taaluma haipati wala kupoteza kitu. Makala hii inapinga hoja hiyo. Kuchagua nani wa kumsikiliza ni sawa na kuchagua sampuli, na sampuli mbovu huzaa hitimisho bovu hata hesabu zikiwa safi.

Kwamba njia iliyotengwa na magari huokoa maisha, hakuna haja ya kubishana. Ubishi unaanza pale Adonia Lugo, mwanaanthropolojia aliyeandika *Bicycle/Race* (2018) kuhusu Los Angeles, anaposema kuwa miundombinu ni pamoja na watu, mazoea na mahusiano yao barabarani. Wahandisi wengi huiona kauli hiyo kuwa siasa iliyovishwa vazi la nadharia. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu mkuu ni Tampa, Florida.

Aprili 2015 gazeti la Tampa Bay Times lilichambua kumbukumbu za polisi wa jiji hilo. Katika miaka 3 walikuwa wametoa faini 2,504 kwa waendesha baiskeli, nyingi kuliko za Jacksonville, Miami, St. Petersburg na Orlando zikijumlishwa. Watu 8 kati ya kila 10 waliotozwa walikuwa weusi, ilhali weusi ni takriban robo ya wakazi. Na makosa yenyewe? Kukosa taa, kupakizana, kuachia usukani. Mwanamke mmoja alikuwa anarudi nyumbani baada ya kumpikia jirani mzee. Alikuwa anakokota baiskeli huku mkono mmoja umeshika sahani ya samaki. Akapigwa faini ya dola 51 kwa kukosa taa, hakuweza kulipa, na adhabu ya kuchelewa ikaifikisha dola 90. Mwaka 2016 ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ilieleza kuwa kamatakamata hiyo haikupunguza ajali, wizi wa baiskeli wala uhalifu.

Mtu atasema hayo ni ya polisi, mpangaji miji hayamhusu. Yanamhusu sana. Mashine ya kuhesabu baiskeli humhesabu anayepita. Aliyeiacha baiskeli nyumbani kwa kuogopa faini haonekani popote kwenye takwimu. Mtaa wake utaandikwa kuwa hauna uhitaji, na njia itajengwa kwingine. Ndiyo maana mtafiti Charles T. Brown, ambaye ameshughulikia kwa miaka mingi vikwazo vinavyowazuia Wamarekani weusi kutembea na kuendesha baiskeli kwa uhuru, hasemi pembeni ya sayansi ya usafiri. Anaitajia sayansi hiyo data inayoikosa.

Sauti za namna hii zimekwisha kubadili sheria. Februari 2022 Bodi ya Afya ya King County, ulipo mji wa Seattle, ilifuta sharti la kisheria la kuvaa helmeti. Uchambuzi wa wanaharakati ulikuwa umeonyesha kuwa waendesha baiskeli weusi waliandikiwa faini karibu mara 4 ya weupe. Hakuna aliyekana kuwa helmeti hukinga kichwa, na bodi iliendelea kuhimiza ivaliwe. Swali lilikuwa nani analipa gharama ya sheria.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba mitandao nayo huchuja: humsukuma mbele mwenye wafuasi wengi, na muuza maziwa anayeingia mjini alfajiri na madumu yake haandiki chochote huko. Ni kweli. Lakini pingamizi hilo linadai tutafute zaidi, si tuache kutafuta. Sera ya Nairobi ya mwaka 2015 ilitaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara na uchukuzi iende kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Kama ahadi hiyo inafika barabarani, wa kwanza kujua ni wanaopita kila siku, wakiwemo wa kundi la waendesha baiskeli la Critical Mass Nairobi, ambako Cyprine Odada amekuwa miongoni mwa viongozi. Kampala yupo Amanda Ngabirano, mhadhiri wa mipangomiji aliyetetea baiskeli kwa muda mrefu. Dar es Salaam kuna UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wenyewe.

Nawaomba basi walimu wenzangu wa mipangomiji: kabla ya kumpa mwanafunzi picha za Copenhagen, mpeni majina haya, mwambieni afuatilie wanachoandika kwa muhula mzima na akilinganishe na takwimu za jiji. Kisha mpelekeni kwa fundi baiskeli wa mtaani, awaulize wateja wake ni njia gani wanaikwepa, na kwa nini.