MEWAKA: Mafunzo Yanayomfuata Mwalimu wa Awali Darasani

Kwa miaka mingi mwalimu aliyetaka kujinoa alisubiri kuitwa semina. Barua ilipita kwa mwalimu mkuu, na aliyebahatika kuwamo kwenye orodha alifunga safari hadi mjini, akakaa ukumbini siku kadhaa, akarudi na daftari, posho na pengine cheti. Huku nyuma, watoto wake wa awali walichanganywa na wa darasa la kwanza.

Nchini Tanzania, utaratibu uliobuniwa kuubadili mtindo huo unaitwa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Unaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na shuleni unajulikana zaidi kwa kifupi chake, MEWAKA. Kifupi hicho kimekwisha kuwa neno kamili, kiasi kwamba watu husema “mafunzo ya MEWAKA” bila kujali kwamba mafunzo tayari yamo kwenye M.

“Mafunzo kazini” si maneno mageni. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipokimbilia elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakishika chaki. Wakati huo lengo lilikuwa kumpatia sifa asiye nazo. Kilichoongezwa sasa ni “endelevu”, neno ambalo wengi walilizoea kwenye maendeleo endelevu, yaani ya kutumia rasilimali leo bila kumnyima wa kesho. Kwenye MEWAKA linamaanisha kutokoma: mwenye stashahada au shahada naye anaendelea kujifunza mpaka astaafu.

Kitovu cha utaratibu huu ni jumuiya ya ujifunzaji. Walimu wa shule moja hukutana, huchagua tatizo la darasani, hulijadili, kisha kila mmoja hurudi kulijaribu suluhisho. Juu ya shule kuna klasta, yaani kundi la shule jirani, na TET ina mfumo wa kielektroniki wenye moduli za kujisomea.

Chukua tatizo la kawaida la darasa la awali: mtoto anaimba moja hadi kumi bila kukosea, lakini akiombwa alete vizibo vitano vya soda, analeta konzi nzima. Anajua wimbo wa namba, hajajua idadi. Mwalimu mwenzake anaweza kupendekeza mtoto apange kizibo kimoja kimoja juu ya duara zilizochorwa mchangani, akitaja namba kila anapokiweka. Wiki inayofuata swali la kikao ni moja: ilikuwaje?

Hapo ndipo neno “kazini” linapombana mwalimu wa awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na madarasa hayo yamo ndani ya shule za msingi. Lakini katika shule nyingi mwalimu wa awali ni mmoja tu. Kikao cha shule kikijadili sehemu na desimali za darasa la tano, yeye ni msikilizaji. Wenzake halisi wako shule za jirani, kwa hiyo kwake klasta ina uzito kuliko kikao cha shule, na nauli ya kufika huko ni sehemu ya mafunzo yenyewe.

Pwani wana uzoefu wa njia nyingine. Programu ya Madrasa, iliyoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na kuenea hadi Zanzibar na Uganda, iliwaandaa wanawake wa mitaa husika kufundisha chekechea. Baada ya mafunzo, wakufunzi waliwafuata darasani, wakakaa nao na kuwaelekeza papo hapo.

Istilahi ina mpaka wake pia, nao uko kwenye neno “walimu”. Wanaoshinda na watoto katika vituo vya kulelea watoto wadogo mchana huitwa walezi, na vituo hivyo viko chini ya ustawi wa jamii, si elimu. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, hivyo inawahusu walezi na walimu kwa pamoja. MEWAKA, kama jina lake lilivyo, inamtambua mwalimu peke yake.