Kuachiliwa na hakimu hakumrudishi mfanyakazi kazini

MFANYAKAZI aliyefutwa kazi kwa madai ya wizi, kisha akaachiliwa huru na mahakama, aghalabu hutoka kizimbani akiamini kwamba juma litakalofuata atarejea kazini. Huchukua nakala ya hukumu, akaitia katika bahasha na kushika njia hadi kwenye lango la mwajiri wake wa zamani. Hapo ndipo huelezwa kwamba kesi ya polisi ilikuwa yake na serikali, na kwamba barua ya kumwachisha kazi ingali pale pale.

Katika miji ya Kitale na Bungoma masaibu ya namna hii si jambo geni. Haya ni maeneo ya maghala ya mahindi, kampuni za mbegu, kiwanda cha sukari, benki, vyama vya akiba na shule za mabweni. Mahali ambapo maelfu ya watu hukabidhiwa kila siku mali isiyo yao. Magunia yakipungua baada ya mavuno, au hesabu za mwisho wa mwezi zikikataa kulingana, karani wa ghala, dereva na mlinzi wa usiku ndio huitwa kwanza kuandikisha taarifa katika kituo cha polisi. Wengine hushtakiwa. Na kwa kuwa mashahidi hukosa kufika, au stakabadhi hupotea, au upande wa mashtaka hushindwa kuthibitisha ni nani hasa aliyechukua nini, wengi wa hao huachiliwa.

Je, sheria ya Kenya yasema nini kuhusu kazi waliyoipoteza?

Jibu limo katika Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutumika Juni 2, 2008. Kabla ya hapo mwajiri aliweza kumwondoa mtu kwa kumlipa mshahara wa muda wa notisi tu, na mahakama ikawa haina mengi ya kusema. Sheria hiyo ilibadilisha mambo. Sasa mwajiri ni lazima awe na sababu halali, na ni lazima afuate utaratibu wa haki. Akikosa kimoja kati ya hivyo viwili, kufutwa huko ni kinyume cha sheria kulingana na kifungu cha 45.

Lakini kifungu cha 43 ndicho ambacho wengi hawakijui, na ndicho huwaumiza. Husema kwamba sababu za kumfuta mtu ni mambo ambayo mwajiri, wakati ule alipoamua, aliamini kwa dhati kuwa yapo. Haitakiwi athibitishe wizi kwa kiwango kile cha kesi ya jinai, yaani pasipo shaka yoyote ya maana. Yatosha aonyeshe kwamba alichunguza, kwamba alikuwa na msingi wa kuamini alivyoamini, na kwamba mwajiri mwingine mwenye busara angaliweza kufikia uamuzi huo huo. Naye hakimu wa jinai hakuulizwa swali hilo hata kidogo. Aliulizwa iwapo kosa limethibitishwa.

Kwa sababu hiyo mahakama za ajira nchini zimeshikilia mara nyingi kwamba kesi ya jinai na hatua za nidhamu kazini ni njia mbili zinazokwenda sambamba. Mwajiri halazimiki kungoja hakimu amalize ndipo aitishe kikao cha nidhamu. Mfanyakazi naye hawezi kukwepa kikao hicho kwa kusema tu kwamba ana kesi mahakamani, ingawa ana haki ya kuomba awe na mtu wa kumsaidia na kuchunga asije akajitia hatiani kwa maneno yake mwenyewe.

Tena sheria haikuweka mizani sawa. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 47A, husema kwamba mtu akipatikana na hatia na rufaa zikaisha, hukumu hiyo ni thibitisho kamili kwamba alitenda kosa. Anayetiwa hatiani hufungiwa mlango. Hakuna kifungu kama hicho kinachosema kuwa kuachiliwa ni thibitisho la usafi wa mtu mbele ya mwajiri wake.

Isitoshe, kuachiliwa kwenyewe kuna aina zake. Mshtakiwa aweza kuachiliwa chini ya kifungu cha 215 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, baada ya pande zote kusikizwa. Aweza kuachiliwa chini ya kifungu cha 210 kwa kuwa hana kesi ya kujibu. Au upande wa mashtaka waweza kuiondoa kesi kabla hajaitwa kujitetea, chini ya kifungu cha 87(a). Na hapo hajasafishwa kamwe, kwa kuwa aweza kukamatwa na kushtakiwa upya kwa kosa lile lile. Anayekwenda kwa wakili na karatasi ya kifungu cha 87(a) akidhani ameshinda hana budi kuelezwa tofauti hii mapema.

Basi nguvu ya mfanyakazi iko wapi? Mara nyingi iko katika kifungu cha 41. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri hutakiwa amweleze makosa yake kwa lugha anayoifahamu, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua, kisha asikize utetezi wao na kuuzingatia. Sharti hili lipo hata pale ambapo kosa ni kubwa kiasi cha kustahili kufutwa papo hapo. Waajiri wengi huteleza hapa. Polisi wakishamchukua mtu, meneja huona kazi imekwisha. Barua huandikwa siku hiyo hiyo, mtu akiwa angali korokoroni. Kesi ya mfanyakazi wa namna hiyo yaweza kusimama hata kama hakimu hajatoa uamuzi wowote, kwa sababu haitegemei uamuzi huo.

Kuna pia kifungu cha 44(4). Kukamatwa kwa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela huwa sababu ya kumfuta ikiwa siku 14 zitapita bila yeye kuachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine ya halali. Jamaa wanaovutana nyumbani juu ya nani atoe hatimiliki ya shamba ili iwekwe kama dhamana wafaa kujua kwamba siku zinahesabiwa. Kifungu hicho hicho humruhusu mwajiri kumfuta anayeshukiwa, kwa misingi ya kutosha, kutenda kosa la jinai dhidi yake au mali yake. Kushukiwa tu, almuradi misingi ipo, na almuradi amesikizwa.

Tukija kwenye muda, hapa ndipo wengi hupoteza haki iliyokuwa yao. Sheria ya Ajira hutoa miaka 3 ya kufikisha madai mahakamani, katika kifungu ambacho kwa muda mrefu kilijulikana kama cha 90. Swali limekuwa: miaka hiyo huanza kuhesabiwa lini? Siku ya barua, au siku ya kuachiliwa na hakimu?

Mahakama ya Rufaa iliyoketi Nyeri ilitoa jibu mwaka wa 2016, katika rufaa iliyoletwa na Mwanasheria Mkuu dhidi ya watumishi wawili wa umma. Wawili hao walikuwa wameachishwa kazi mwaka wa 2010, wakaandamwa na kesi ya jinai, wakaachiliwa, na ndipo wakafungua madai yao Juni 2014. Majaji walisema kwamba haki ya kushtaki ilizaliwa siku walipofutwa. Walikuwa na kila walichohitaji ili kwenda mahakamani tangu wakati huo. Madai yakatupwa kwa kuchelewa, na kuachiliwa kwao hakukusaidia kitu.

Tuseme, kwa mfano tu, karani wa ghala mjini Kitale alifutwa Machi 2019 na kesi yake ya jinai ikaahirishwa mara kwa mara hadi Juni 2022 alipoachiliwa. Alipokuwa akishangilia na jamaa zake nje ya mahakama, dai lake la kazi lilikuwa limekwisha kufa miezi 3 iliyotangulia. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Angalifungua madai mwaka wa 2019 au 2020, angaliweza hata kuiomba mahakama ya ajira isubiri kidogo, lakini jina lake lingekuwa tayari kwenye daftari.

Hali ni tofauti kwa yule ambaye hajafutwa bali amesimamishwa tu. Mwajiri akiandika kwamba atatoa uamuzi baada ya kesi kumalizika, basi hajamwachisha, na muda wa kulalamikia kuachishwa haujaanza. Mtumishi wa umma anayeshtakiwa kwa ufisadi huwekwa katika hali hii na sheria yenyewe. Kifungu cha 62 cha sheria ya mwaka 2003 dhidi ya ufisadi humsimamisha kwa nusu mshahara tangu siku ya kushtakiwa, na usimamisho huo hukoma akiachiliwa huru. Ila sheria hiyo hiyo haimzuii mwajiri kutumia mamlaka mengine aliyo nayo ya kumfuta. Kwa hivyo la kwanza ni kuisoma barua vizuri. Neno "kusimamishwa" na neno "kuachishwa" yametenganishwa na miaka 3.

Kuhusu mahali pa kwenda, wakazi wa magharibi wako katika hali nafuu kuliko zamani. Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo chimbuko lake ni kifungu cha 162 cha Katiba ya 2010, ina kituo mjini Bungoma. Na tangu notisi ya gazeti rasmi la serikali ya Juni 2018, mahakimu wa ngazi ya juu wamepewa uwezo wa kusikiza madai ya wafanyakazi ambao mshahara wao kwa mwezi hauzidi Sh80,000. Mlinzi wa Kitale, Webuye au Kimilili aweza basi kuanzia katika mahakama ya karibu naye, na asiporidhika akate rufaa katika Mahakama ya Ajira. Yupo pia afisa wa leba, ambaye hupokea malalamishi bila malipo katika miezi 3 baada ya mtu kufutwa. Kumwendea afisa huyo hakumnyimi mtu haki ya kwenda mahakamani, wala hakusimamishi ile miaka 3.

Akishinda, mlalamishi hupata nini? Mshahara wa notisi, siku za likizo alizodai, na fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Mahakama hutazama muda aliotumikia na kama mwenendo wake ulichangia yaliyompata. Kurudishwa kazini kumo katika sheria, lakini huwezekana tu kama miaka 3 haijapita tangu kufutwa, na majaji wa rufaa, katika kesi ya Shirika la Ndege la Kenya mwaka wa 2014, walisisitiza kuwa hatua hiyo ni ya nadra.

Lipo dai moja ambalo muda wake huanza kweli siku ya kuachiliwa: dai la kushtakiwa kwa nia mbaya. Masharti yake yalielezwa mwaka wa 1972 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi iliyotoka Uganda, dhidi ya Utawala wa Wilaya ya East Mengo. Mdai huonyesha kwamba mdaiwa ndiye aliyeianzisha kesi, kwamba haikuwa na msingi wa kuridhisha, kwamba ilisukumwa na chuki, na kwamba ilimalizika kwa manufaa yake. Si dai jepesi. Mwajiri aliyepiga ripoti tu na kuwaachia polisi wachunguze huponyoka mara nyingi. Tena anayeishtaki serikali hupewa miezi 12, ilhali anayemshtaki mtu binafsi au kampuni hupewa miaka 3.

Kwa anayetaka kufungua madai ya kazi, karatasi za kuchukua ni barua ya ajira, hati za mshahara, barua ya kutakiwa ajieleze na jibu lake, kumbukumbu za kikao cha nidhamu kama kilikuwapo, na barua ya kuachishwa yenye tarehe. Hukumu ya hakimu, kama imekwisha kutolewa, huwekwa chini ya hizo. Kama haijatolewa, wakili aweza kuendelea bila hiyo.