Namba Zilizovaa Rangi

Fungua redio ya vali iliyoundwa Marekani katika miaka ya 1930, uipindue utazame chini ya chasisi. Rezista nyingi humo, yaani vipande vya kukinza mkondo wa umeme, hazina mistari ya rangi tuliyoizoea. Kila moja ni kipande kinene kilichopakwa rangi moja mwili mzima, rangi nyingine kwenye ncha, na nukta ya rangi ya tatu katikati. Tuseme mwili ni wa kijani, ncha nyeusi, nukta ya chungwa. Fundi wa siku hizo alisoma kwa utaratibu huohuo: kijani ni 5, nyeusi ni 0, chungwa ni sufuri tatu za kuongeza. Omu 50,000.

Omu ni jina la Georg Simon Ohm, mwalimu wa Köln, Ujerumani, aliyechapisha mwaka 1827 kitabu kilichoonyesha jinsi volti, mkondo na ukinzani vinavyofungamana. Kwao hawakumjali sana. Ilikuwa 1841 ndipo Royal Society ya London ikamtunuku medali ya Copley. Karne moja baadaye hesabu yake ilikuwa sebuleni mwa watu, ndani ya redio, na kila kiwanda kiliweka alama kivyake. Adha hiyo ilimwangukia fundi. Chama cha watengenezaji wa redio cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1924, ndicho kilichowaleta wenye viwanda kwenye rangi kumi za pamoja.

Uzuri wake upo kwenye mpangilio. Nyeusi ni 0, kahawia 1. Kisha upinde wa mvua unachomoza: nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7. Kijivu ni 8, nyeupe 9. Ni safari ya kutoka gizani hadi kwenye weupe, na mtoto anayeujua upinde tayari ana rangi sita kati ya kumi. Tarakimu iliyoandikwa kwenye kitu cha mviringo hufichika ikilehemiwa imetazama chini. Nukta nayo ni hivyohivyo. Mstari unaozunguka mwili mzima huonekana popote unapochungulia, na ndio uliodumu.

Mistari mitatu ya kwanza hutaja namba; wa nne ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu ni ungamo la kiwanda. Rezista za zamani zilifinyangwa kwa unga wa kaboni uliochanganywa na gundi, na kipimo kamili kilijulikana baada ya kupimwa. Dhahabu husema huenda nimekosea kwa asilimia 5, juu au chini. Fedha, asilimia 10. Pasipo mstari, asilimia 20. Hapo ndipo ile 50,000 ilipopotea madukani na 47,000 ikashika nafasi yake. Ukikubali kosa la asilimia 10, 39 hufika karibu 43, 47 huanzia 42.3 na kuishia 51.7, nayo 56 huanzia 50.4. Namba 12 tu, kuanzia 10 hadi 82, hutosha kuziba karibu mapengo yote, na ni nadra rezista kutupwa. Mwaka 1952 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, iliupitisha utaratibu wa rangi uwe wa dunia nzima.

Una dosari nzito. Joto huchoma rangi mpaka nyekundu ikafanana na kahawia, 2 ikasomeka 1. Mita ndiyo huamua. Na wapo watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Hao mfumo huu uliwafungia mlango, nami naona ulipangwa bila kuwafikiria.

Rezista za simu yako hazina nafasi ya mistari. Nyingine ni ndogo mno hata kwa tarakimu. Zile kubwa kidogo, za bapa, huandikwa 103, na mwanafunzi mgeni hudhani ni omu mia moja na tatu. La: ni 1, ni 0, kisha sufuri tatu, yaani 10,000. Ni kahawia, nyeusi na chungwa, zilizovuliwa rangi.